Deni la 0.33: Uhakiki wa Fomula ya Udongo Mweusi wa Kiuu

Mstari ninaotaka kuusoma hapa ni huu:

(Na,Ca)₀.₃₃(Al,Mg)₂Si₄O₁₀(OH)₂·nH₂O

Ni fomula ya montmorilonaiti, madini ya mfinyanzi yanayotawala udongo mweusi wa nyanda zetu. Kwa kawaida mstari huu huwekwa pembeni mwa ukurasa, mwanafunzi akaukariri, mtihani ukapita, ukasahaulika. Mimi nauona kuwa ni maandishi yaliyotungwa: una mpangilio, una vituo, una mahali unaposema kwa sauti na mahali unaponong'ona, tena una kasoro za utunzi. Nitausoma kwa kufuata umbo lake, alama kwa alama, kwa sababu naamini kwamba nguvu zote za udongo huu, za kubomoa na za kuponya, zimo pale ambapo fomula inaandika kwa unyonge zaidi: katika mkato, katika nukta, na katika ile herufi ndogo n.

Udongo wenyewe hauko mbali. Wadi ya Kiuu, katika eneo bunge la Ruiru, ndiyo wengi wetu tunaijua kwa jina la Githurai 45, jina lililoachwa na namba ya basi. Ukielekea magharibi, kupanda Kiambu, ardhi ni nyekundu na imetulia. Ukielekea mashariki, kupitia Mwihoko, ni nyeusi, ile ambayo mafundi wa mjengo huiita blakikotoni. Mwezi wa Februari hupasuka nyufa zinazomeza mkono. Mvua za masika zikikolea mwezi wa Aprili, nyufa hufungana, ardhi huinuka, milango hukataa kufungika, na ukuta hupasuka kimshazari kuanzia pembe ya dirisha. Ndiyo maana mwenye ploti hulipa kwanza kuuchimbua udongo huo, kuupakia kwenye lori na kujaza mawe na maramu, kabla ya jiwe la kwanza la ukuta kulazwa. Gharama hiyo yote imo katika mstari ule mmoja, lakini msomaji asiyejua pa kutazama hataiona.

Atazame kwanza mikato. Upo mmoja kati ya Na na Ca, na mwingine kati ya Al na Mg. Kila mmoja unasema kwamba kiti ni kimoja na anayeweza kukikalia ni huyu au yule. Kwa jicho la haraka mikato hiyo ni sawa. Si sawa hata kidogo. Wa kwanza unahusu wapangaji: sodiamu na kalisi hukaa nje ya tabaka, nao huingia na kutoka. Wa pili unahusu ukuta wenyewe: alumini na magnesi zimefungwa ndani ya fuwele, na mahali magnesi ilipokaa wakati madini yalipoundwa haitoki tena. Kutumia alama moja kwa mambo mawili yaliyo mbali hivi ni kasoro, nami naihesabu kuwa kasoro kubwa kuliko zote za mstari huu.

Ipo nuskha nyingine, isiyopendwa na vitabu kwa kuwa ni ndefu kidogo:

Na₀.₃₃(Al₁.₆₇Mg₀.₃₃)Si₄O₁₀(OH)₂·nH₂O

Hapa mikato imeondoka na siri imefichuka. Sifuri nukta tatu tatu inatokea mara mbili: mara moja kwenye magnesi, mara moja kwenye sodiamu. Urudufu huo ndio moyo wa mstari mzima. Alumini ina chaji chanya 3, magnesi ina 2. Kila magnesi inapokalia kiti cha alumini, tabaka linapungukiwa na chaji moja. Hilo ni deni, na sodiamu iliyoko nje ndiyo inayolilipa, atomi moja kwa kila pengo moja.

Hebu tupime mizani ya nuskha hii. Sodiamu inaleta 0.33. Alumini, 1.67 mara 3, inaleta 5.01. Magnesi, 0.33 mara 2, inaleta 0.66. Silikoni, 4 mara 4, inaleta 16. Jumla ni 22.00 kamili. Upande wa pili oksijeni 10 zinadai 20 na jozi 2 za oksijeni na haidrojeni zinadai 2: jumla 22. Mstari umekaa sawasawa. Lakini usawa huo umepatikana kwa umbali, kwa kuwa anayedaiwa yuko ndani kabisa ya tabaka na mlipaji amesimama nje, na katikati yao kuna utando wa silikoni na oksijeni. Sodiamu inalivuta tabaka, nalo linaivuta, lakini hawagusani na chanzo cha deni. Kwa hiyo mshiko wao ni legevu, na kila kinachofuata kinatokana na ulegevu huo.

Thamani ya 0.33 huonekana vizuri ukiisoma kando ya ndugu zake wawili. Pirofilaiti huandikwa Al₂Si₄O₁₀(OH)₂. Ni tabaka lile lile, unene ule ule, ila hakuna magnesi, hakuna deni, hakuna mlipaji. Matokeo yake ni jiwe laini ambalo maji hayaingii kati ya matabaka yake. Hakuna kilichoyaita. Ndugu wa pili ni moskovaiti, mika ile inayong'aa kama kioo: KAl₂(AlSi₃O₁₀)(OH)₂. Hapa deni ni 1 zima, nalo limo katika utando wa silikoni wenyewe, karibu kabisa na uso. Potasi inayolilipa imebanwa pande zote mbili na kuyashikamanisha matabaka kwa nguvu, hata maji hayana njia. Sifuri haimwiti mtu, moja haimfungulii mtu. Kati ya hizo mbili, karibu na theluthi, kuna kipimo ambacho tabaka lina haja ya kutosha kuwaita wageni na halina nguvu ya kutosha kuwafungia nje.

Historia ya mstari huu inaunga mkono usomaji wangu. Jina lilitangulia: montmorilonaiti imeitwa hivyo tangu 1847, kwa mji wa Montmorillon nchini Ufaransa. Umbo lake lilikuja kuchorwa mwaka 1933, pale Ulrich Hofmann, Kurd Endell na Diederich Wilm walipopendekeza kwamba madini haya ni matabaka yanayoachana maji yakiingia. Lakini mchoro wao ulichukua tabaka la pirofilaiti jinsi lilivyo, bila deni. Ulionyesha kwamba yanafunguka. Sababu ya kufunguka haikuwamo. Ni miaka iliyofuata, katika kazi ya C. E. Marshall mwaka 1935, ya Hofmann mwenyewe na Maegdefrau mwaka 1937, na ya Sterling Hendricks baada yao, ndipo ubadilishanaji wa atomi ndani ya tabaka ulipoandikwa. Toleo la kwanza, kwa maneno mengine, lilikosa ule mkato wa pili. Nami naona ajabu kwamba tukishaupata, tumeufanya ufanane na mkato usio na uzito.

Sasa twende mwisho wa mstari: ·nH₂O. Nukta iliyoinuliwa, herufi isiyo na thamani, maji. Kila kitu kingine kimehesabiwa hadi sehemu ya mia. Hapa tu mwandishi ameinua mikono. Naye amefanya haki. Tabaka moja la montmorilonaiti lina unene wa nanometa 0.96 hivi. Likikaushwa sana, umbali kutoka mwanzo wa tabaka moja hadi mwanzo wa lingine unakaribia unene huo huo. Maji yakiingia safu moja, umbali unafika 1.25 hivi, safu mbili, 1.55 hivi, na sodiamu ikiwa ndiyo mlipaji, matabaka yanaweza kuendelea kuachana hadi yasijuane. Gramu moja ya udongo huu, ukizihesabu nyuso zote za ndani, ina zaidi ya mita za mraba 700. Kila uso ni mahali ambapo maji yanaweza kulala. Kwa mwenye nyumba Kiuu, n ni Februari na n ni Aprili. Ni herufi inayobadilika kwa msimu, na ukuta unapasuka kwa kuifuata.

Hadi hapa tumesoma fomula kama ilivyo. Lakini umbo legevu linajaribiwa kwa kulichomekea kitu kigeni, na wanakemia wamefanya hivyo kwa bidii. Swali langu la mhakiki ni: mgeni anaingilia wapi katika mstari? Kuna milango miwili, na kila mmoja una alama yake.

Mlango wa kwanza ni herufi ya mwanzo, Na. Chukua molekuli yenye kichwa chenye chaji chanya na mkia mrefu wa kaboni, mfano ile ya setrimoniamu, ambayo jina lake limeandikwa kwenye chupa nyingi za kondishena katika saluni zetu. Ina mkia wa kaboni 16 na kichwa cha naitrojeni. Ikichanganywa na mfinyanzi ulioloweshwa, kichwa kinashika nafasi ya sodiamu na sodiamu inaondoka na maji. Mstari sasa unasomeka hivi:

(C₁₉H₄₂N)₀.₃₃(Al₁.₆₇Mg₀.₃₃)Si₄O₁₀(OH)₂

Tazama kilichobaki na kilichotoweka. 0.33 mbili bado zipo, kwa sababu deni halijabadilika, ila mlipaji tu. Lakini uzito wa mlipaji umebadilika kabisa. Gramu 359 za matabaka, ambazo zilibeba gramu 7.6 tu za sodiamu, sasa zinabeba gramu 94 za setrimoniamu, karibu moja ya tano ya uzito wote. Na ile nukta na n yake zimefutika. Mikia ya kaboni ni jamaa ya mafuta. Ikijaza pengo, maji hayana tena sababu ya kuingia. Udongo ule ule uliokuwa ukivimba kwa mvua sasa unavimba kwenye mafuta na vimiminika vya jamii ya mafuta taa, na maji unayakataa.

John W. Jordan wa Marekani alichapisha kazi juu ya mifinyanzi ipendayo mafuta mwaka 1949, na ndani yake kuna jambo ambalo mpenzi wa umbo hawezi kulipita. Alirefusha mkia hatua kwa hatua, akapima umbali kati ya matabaka kwa miale ya eksirei. Mtu angetazamia umbali ukue taratibu pamoja na mkia. Haukukua hivyo. Ulikaa kwenye 1.36 kwa mikia mifupi, kisha mikia ilipopita urefu fulani ukaruka hadi 1.76 na kutulia tena. Toa unene wa tabaka, 0.96, na utaona kilichoandikwa: 0.40 katika hatua ya kwanza, 0.80 katika ya pili. Mnyororo wa kaboni ukilala chali una unene wa karibu 0.40. Mikia mifupi inalala safu moja, ikishirikiana nafasi. Ikizidi urefu, haitoshei tena, inalazimika kupanda safu ya pili. Wengine baadaye wamekuta hatua ya tatu karibu na 2.17, na juu ya hapo mikia huanza kusimama.

Kwa maoni yangu hapo ndipo umbo la montmorilonaiti linapokuwa zuri kuliko mahali pengine popote, na ndipo fomula inapolisaliti. Rudi kwenye mstari wenye C₁₉H₄₂N. Je, unakuambia kwamba mikia imelala? Unakuambia ni safu ngapi? Hauambii. Fomula inahesabu bila kupanga. Inaorodhesha chaji chanya kwanza na hasi mwisho kwa desturi ya uandishi, na mgeni aliyelala katikati ya matabaka mawili anaandikwa pembeni kabisa, kushoto, kana kwamba amesimama mlangoni. Umbali wa 1.76, ambao ndio habari yenyewe, hauna herufi.

Kwa mlango huu viwanda vimepata mengi. Rangi za mafuta na grisi hupata uzito wake kwa mifinyanzi ya namna hii. Katika miaka ya 1980 watafiti wa maabara ya Toyota nchini Japani walitanguliza asidi yenye kaboni 12 kati ya matabaka, kisha wakaitengeneza nailoni humo humo, hadi matabaka yakatawanyika moja moja ndani yake. Kwa mfinyanzi usiofika sehemu 5 katika 100, nailoni iliyokuwa ikilegea kwenye nyuzi 65 za joto ilistahimili zaidi ya 140. Sitakaa sana hapo, kwa kuwa mlango wa pili unatugusa sisi kwa karibu zaidi.

Mlango wa pili ni ile nukta iliyoinuliwa. Kupitia hapo huingia wageni wasio na chaji, wasioomba kiti cha sodiamu. Wanachukua nafasi ya maji tu. Aflatoksini B1 ni mmoja wao: C₁₇H₁₂O₆, sumu ya kuvu inayoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 kati yao wakafa. Sikumbuki mwaka mwingine ambapo gunia la mahindi lilitazamwa kwa hofu namna ile.

Molekuli hiyo ni pana na bapa. Upande wake mmoja una oksijeni 2 zilizokaribiana, kila moja ikiwa na chaji hasi kidogo tu isiyotosha kuifanya ioni. Ikifika kwenye mfinyanzi wenye unyevu, inajiingiza ubapa kati ya matabaka na oksijeni zake zinaelekea kwa kalisi, moja kwa moja au kupitia maji yanayoizunguka kalisi hiyo. Haimwondoi mtu. Inakuwa mgeni juu ya mgeni. Na hapo 0.33 inarudi kufanya kazi: deni likiwa kubwa mno, ioni za kulilipa zinasongamana na molekuli bapa inakosa uwanja wa kulala, likiwa dogo mno, hakuna wa kuishika. Timothy Phillips na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba mfinyanzi wa aina hii ukitiwa kwenye chakula cha kuku huifunga sumu tumboni kabla haijaingia mwilini. Baadaye montmorilonaiti ya kalisi iliyosafishwa ilijaribiwa kwa watu hapa Kenya, huko Makueni, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba alama ya sumu katika mkojo ilipungua kwa waliokunywa mfinyanzi, ikilinganishwa na walipokunywa unga usio na kazi.

Niseme wazi, kwa kuwa jambo hili linahusu matumbo ya watu: udongo wa shimo la msingi si dawa, hata kama madini yake ni ndugu. Ule wa Makueni ulichaguliwa, ukasafishwa, ukapimwa kama una metali nzito na sumu nyingine. Udongo wa kando ya barabara umebeba vilivyopita juu yake, na tabia ile ile ya kuwapokea wageni ndiyo inayoufanya uwe hatari.

Na ardhi nyekundu ya upande wa pili? Kaolinaiti, ambayo ni mfinyanzi mkuu wa udongo wa namna hiyo, huandikwa Al₂Si₂O₅(OH)₄. Hakuna mkato, hakuna desimali, hakuna nukta, hakuna n. Mstari uliofungwa, na nyumba zilizojengwa juu yake zimetulia vivyo hivyo. Hata hivyo umbo lake si gumu kiasi ambacho fomula inadai. Mwaka 1961 Koji Wada wa Japani aliisaga kaolinaiti pamoja na asetati ya potasi, na umbali kati ya matabaka ukapanda kutoka 0.72 hadi 1.4. Fomula iliyofungwa nayo ilikuwa na pengo. Ila hakukuwa na alama hata moja ya kumwambia msomaji alitafute.

Kwa hiyo ningependa mstari wa montmorilonaiti uandikwe upya, angalau katika vitabu vya watoto wanaoishi juu ya udongo huu. Matabaka yatangulie, maana ndiyo yasiyobadilika. Mikato itolewe na hesabu ziwekwe wazi, ili deni lionekane. Na pengo lipewe mahali pake, kati ya vijiti viwili:

(Al₁.₆₇Mg₀.₃₃)Si₄O₁₀(OH)₂ | Na₀.₃₃ · nH₂O |

Kilicho nje ya vijiti ni jiwe. Kilicho ndani ni mlipaji wa deni na wageni wake, na kando ya kijiti cha mwisho kuna nafasi ya kuandika umbali: 1.25 udongo ukiwa na safu moja ya maji, 1.55 ukiwa na mbili. Anayetengeneza mfinyanzi wa rangi ataifuta Na pamoja na maji, aandike C₁₉H₄₂N na 1.76. Wa Makueni ataweka kalisi, ambayo chaji yake ni 2 na kwa hiyo itakuwa 0.165, aache nukta mahali pake, na mbele ya nukta aongeze C₁₇H₁₂O₆ kando ya maji.